Jiko Kwanza, Mapazia Baadaye



Nilikuwa nadunduliza fedha za mapazia ya sebuleni. Mapazia yamesubiri, fedha zimenunua jiko la gesi. Tunakaa fleti ya ghorofa ya tatu hapa Michenzani, jikoni kwetu kuna dirisha moja tu, na mwanangu ndiyo kwanza anatambaa.

Jiko la zamani nikilipenda. Alinipa mama mkwe nilipoolewa, na nimelipikia futari nyingi. Lakini moto wake ukawa wa manjano badala ya buluu, sufuria zikajaa masizi, na kila asubuhi nikiingia jikoni nasikia harufu. Fundi akapaka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye swichi. Kwenye swichi mapovu yakatoka.

"Dada, hili limeliwa na chumvi ya bahari," akasema. "Leo nikiziba hapa, kesho litatoboka pale."

Kilichonitisha zaidi ni kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatuama sakafuni, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa.

Nikaona haya kumwambia mama mkwe, lakini nikampigia. Akanijibu, "Mwanangu, nilikupa jiko mpike mle. Sikukupa liwadhuru. Litoe."

Basi tukabadilisha vyote: jiko, mpira, regulata na vibana vyake. Mpira mkuukuu haufai kufungwa kwenye jiko jipya. Mtungi tumeusimamisha wima. Na kila usiku nafunga gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko peke yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa habari za nyumba iliyowaunguza wenyewe usiku huko Madina, alifundisha tuzime moto tunapolala. Mimi naiona koki ya mtungi imo katika mafunzo hayo. Kutawakali ni baada ya kuifunga.

Ukisikia harufu ya gesi, shoga yangu, usiwashe taa wala usiizime. Funga mtungi, fungua madirisha, toka na watoto.

Na nyinyi mabiharusi, orodha ya vyombo msiianze na seti za vikombe. Anzeni na jiko zima na mpira mpya. Ukipewa jiko lililotumika kwa mapenzi, mapenzi yapokee kwa mikono miwili, jiko lipimwe kwanza kwa povu.

Allah azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake. Aamin.