Springi Haiongezi Tani

Wasee, leo nasema kitu na najua wengine mtanikasirikia: pikapu iliyonyanyuliwa nyuma mpaka inafanana na nge haimaanishi ina nguvu. Inamaanisha tu mwenyewe alilipia urefu.

Kwetu Likoni tuna Hilux kuukuu ya mjomba. Asubuhi inavuka feri kwenda kuchukua mzigo Kongowea, wikendi mimi na binamu yangu tunaipamba: rimu, taa, rangi. Mwaka huu springi za nyuma zilichoka kabisa. Ukipakia magunia, mkia unakaa chini na taa zinamulika minazi. Binamu akaona nafasi ndiyo hii: twende Changamwe, tuongezewe vyuma viwili vya springi za lori kila upande, gari lisimame, tena libebe tani 2.

Hapo ndipo naomba tuelewane. Hilux kama hiyo ni gari la mzigo wa karibu tani 1. Ukiongeza chuma, umeongeza ugumu wa springi tu. Ekseli ni ile ile, tairi ni zile zile, fremu ni ile ile. Kulala kwa gari ndiko kulikokuambia "tosha". Sasa umelifunga mdomo.

Breki nazo? Pikapu nyingi za aina hii zina vali ya breki iliyofungwa kwa fimbo mpaka ekseli ya nyuma. Mkia ukishuka, vali inajua kuna mzigo, inapeleka presha zaidi nyuma. Ukiinyanyua bila kuirekebisha vali, inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Fikiria hilo ukiwa kwenye mteremko wa kuingia feri, na watu wanatembea mbele yako.

Na likiwa tupu kweli, springi ngumu hazipindi. Ukigonga shimo, mkia unaruka, tairi zinaachia lami. Mvua ikinyesha, ni kuteleza tu.

Fundi, mzee wa makamo, hakubishana na mtu. Alimuuliza mjomba: "Siku nyingi unabeba nini, bwana?"

"Magunia kama kumi. Kurudi, natoka mtupu."

"Basi weka za kipimo chake, kama zilivyotoka kiwandani. Pande zote mbili."

Binamu akajaribu: "Lakini fundi, itakaa chini."

"Mwanangu, unataka ionekane ama ifike?"

Tukaweka seti nzima, na shoki mpya, maana za zamani zilikuwa zinavuja mafuta na gari likidunda halikuwa linatulia. Bushi mpya, yu-bolti mpya pia: zile za zamani zikishakazwa huwa zimevutika, kuzirudisha ni kujitafutia balaa. Kitu kingine nilichoshika: bolti za bushi hazikazwi kabisa gari likiwa bado limening'inia kwenye jeki. Lishushe kwanza likanyage chini, ndipo ukaze. La sivyo mpira unakaa umejipinda siku zote na unakatika mapema. Baada ya siku chache za kubeba mzigo tulirudi, yu-bolti zikakazwa tena.

Sasa mkia umekaa sawa, kurudi mtupu hakuna kurukaruka, na mjomba hashiki usukani kwa wasiwasi tena. Binamu bado amenuna, anasema picha hazina mzuka. Sawa. Rangi, rimu, muziki, hapo jipambie utakavyo. Lakini hiyo pikapu ndiyo inayolipa karo ya wadogo zetu, na springi zake si za kuchezea.

Kwa hivyo wewe wa Kisauni unayechanga hela za kunyanyua yako, kabla hujamlipa fundi jibu lile swali la mzee, tena ukweli mtupu: siku nyingi unabeba nini?