Ujira wa Mtetezi wa Mnyonge



Juma hili nimetafakari habari za Uingereza zinazoonekana kuwahusu mawakili peke yao: malipo wanayopewa na serikali ili wawatetee wasio na fedha. Kadiri nilivyozisoma, ndivyo nilivyosadiki kwamba zinamhusu maskini zaidi ya wakili.

Mwaka 1949 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya msaada wa kisheria, ili umaskini usimzuie mtu kupata mtetezi. Baadaye gharama zikapanda mno. Mwaka 2006 Lord Carter alishauri kwamba mashauri mengi yalipiwe kiwango kimoja kilichopangwa, badala ya kuhesabu saa. Hoja hiyo ina uzito: anayelipwa kwa saa hana sababu ya kuharakisha, na fedha za umma zina mipaka.

Hata hivyo, nawaalika tutazame upande wa pili. Kiwango kikiwa kimoja, shauri jepesi huleta faida na shauri gumu huleta hasara. Na mwenye shauri gumu ni nani? Ni mgonjwa wa akili, ni mgeni asiyejua lugha, ni mama mwenye hofu asimuliaye mkasa wake kidogo kidogo. Nami, ambaye kazi yangu ni kuwasikiliza watu, najua kwamba neno lililo zito hutoka mwisho. Kumbe anayehitaji muda mwingi ndiye anayegeuka mzigo.

Juu ya hayo yakaja makato. Mwaka 2011 malipo ya mashauri ya madai yalipunguzwa kwa asilimia 10, na mwaka 2014 yale ya jinai kwa asilimia 8.75. Mwaka 2021 Sir Christopher Bellamy alipendekeza malipo ya jinai yapandishwe kwa asilimia 15 angalau. Mawakili wanaompokea mteja kwanza ofisini na kituo cha polisi walipata pungufu ya hapo, na Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema kuwa uamuzi huo wa serikali haukuwa na mantiki. Desemba 2024 serikali ikatangaza nyongeza nyingine.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki haitembei yenyewe. Huletwa na mtu mwenye watoto wa kulisha na kodi ya kulipa. Huyo akiiacha kazi kwa kukosa riziki, sheria hubaki kitabuni, na maskini hubaki mlangoni.