Meli ya Ehime Maru Katika Vilindi vya Honolulu

Msafiri anayetua kwa ndege Honolulu, katika visiwa vya Hawaii nchini Marekani, huona njia ndefu ya kurukia ndege iliyojengwa juu ya mwamba wa matumbawe, mawimbi yakiupiga ubavu wake. Kiasi cha maili moja kutoka hapo kuelekea kusini, bahari ina kina cha mita 35. Mnamo Oktoba na Novemba 2001 meli nzima ya uvuvi ililazwa mahali hapo kwa makusudi, ili wanajeshi wazamie ndani yake kutafuta maiti.

Meli hiyo, Ehime Maru, ilikuwa mali ya mkoa wa Ehime huko Ujapani. Shule ya uvuvi ya mji wa Uwajima iliitumia kuwafunza vijana kazi ya kuvua jodari katika bahari kuu. Alasiri ya tarehe 9 Februari 2001 ilikuwa ikipita kusini mwa kisiwa cha Oahu, nayo imechukua watu 35. Wakati huo huo nyambizi ya jeshi la Marekani, USS Greeneville, iliyokuwa na wageni raia 16, ilikuwa ikiwaonyesha wageni hao namna inavyoweza kuibuka kwa dharura. Ikaibuka chini ya meli ya wanafunzi, na usukani wake ukaipasua tumbo. Hazikupita dakika kumi ila meli ilikwisha zama. Watu 26 waliokolewa. Wanafunzi wanne, walimu wawili na mabaharia watatu hawakuonekana.

Wazazi walitaka jambo moja, nalo halihitaji kufafanuliwa kwa yeyote aliyepata kusubiri maiti ya ndugu yake: watoto wao warudishwe nyumbani wazikwe. Lakini Ehime Maru ilikuwa imetua kina cha mita 600. Kila mita 10 za maji humwongezea mzamiaji mzigo ulio sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Katika mita 600 mzigo huo hupita mara sitini, na hakuna mtu mwenye mtungi mgongoni awezaye kuufikia. Kwa kuwa watu hawakuweza kuifuata meli, ilibidi meli iletwe kwa watu.

Kazi hiyo ilichukua miezi mingi. Mashine zilizoongozwa kutoka juu ndizo zilizotangulia chini. Jaribio la kutoboa njia chini ya meli ili kupitisha mikanda halikufaulu, ikabidi shetri iinuliwe kwanza. Hatimaye, mwezi Oktoba, Ehime Maru iliinuliwa ikining'inia chini ya meli nyingine, pasipo kutolewa nje ya maji hata mara moja, ikasogezwa polepole hadi pale penye mita 35.

Hapo ndipo zamu ya wazamiaji wa jeshi la wanamaji la Marekani ilipoanza. Msomaji asidhani kwamba mita 35 ni kina chepesi. Kwa hewa ya kawaida, mtu akikaa huko zaidi ya robo saa hivi hawezi tena kupanda moja kwa moja. Naitrojeni iliyoingia katika damu yake hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa haraka, na mapovu hayo huweza kumlemaza au kumwua. Hapana budi apande kwa vituo, akingoja, na juu kuwe na chumba maalumu cha chuma cha kumrudishia mgandamizo.

Kwa sababu hiyo hawakutegemea mitungi. Walivaa kofia nzito za kuzamia, na hewa ikawafikia kwa mpira mrefu kutoka sitahani. Mpira huo ni uhai na ni mtego pia, kwa maana ndani ya meli iliyopasuka kila mlango na kila waya huweza kuunasa. Tope likitifuliwa, taa haisaidii kitu, na mzamiaji huendelea kwa kupapasa, chumba baada ya chumba, huku akijua anachotafuta. Ujasiri wa aina hii hausifiwi sana, kwani hauna adui mbele yake.

Walipata maiti wanane. Wazamiaji wa Kijapani nao walishuka kufanya ukaguzi wa mwisho, lakini mwanafunzi mmoja hakupatikana. Tarehe 25 Novemba 2001 meli ilipelekwa mbali na kuzamishwa tena, safari hii katika kina cha mita 1,800 hivi.

Mkuu wa nyambizi, Kamanda Scott Waddle, alichunguzwa na baraza la jeshi, akapewa karipio, akastaafu. Wajapani wengi waliiona adhabu hiyo kuwa ndogo, na ni vigumu kuwalaumu. Desemba 2002 alikwenda mwenyewe Uwajima kuomba radhi.

Katika bustani ya Kakaako, ufukweni mwa Honolulu, ipo kumbukumbu inayotazama bahari: mawe meusi tisa pamoja na nanga ya Ehime Maru, ambayo ilitolewa katika meli kabla haijarudishwa kilindini.