Macho ya Mzee na Kioo cha Kukuzia

Mpiga picha mmoja alipanda mlimani kwa babu yake, amebeba kamera kubwa ya mvukuto, ile isimamayo juu ya miguu mitatu na kutumia filamu ya inchi 4 kwa 5, kipande kimoja kwa kila picha. Mzee aliketi kigodani mbele ya nyumba, na nyuma yake kilitundikwa kiondo. Kijana alijifunika kitambaa cheusi, akaweka kioo chake cha kukuzia nyuma ya kamera, akasogeza lenzi mpaka macho ya mzee yakaonekana dhahiri. Filamu iliposafishwa, kiondo kilikuwa wazi kabisa, bali macho yalikuwa kama ya mtu aliye nyuma ya moshi. Kabla hajapata nafasi ya kurudi, mzee alikuwa amekwisha fariki.

Kosa halikuwa la lenzi wala la filamu. Lilitoka katika kile kioo kidogo, ambacho alikinunua kwa kuangalia namba moja tu: mara 10. Wengi hudhani kwamba kikuzacho zaidi ndicho bora. Sivyo. Katika kamera ya namna hii sura huangukia kwenye kioo kilichokwaruzwa, imepinduka miguu juu, na kioo hicho kina chembechembe kama mchanga mwembamba. Kioo cha mara 10 hukuza mchanga pamoja na uso, hata uso wenyewe ukapotea. Tena huonyesha sehemu ndogo mno. Wenye uzoefu wengi hutosheka na mara 4 mpaka 7.

Walakini kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine, nalo haliandikwi juu ya kisanduku. Upande uliokwaruzwa huelekea lenzi. Mpiga picha hutazama kutoka upande laini, unene wa kioo ukiwa katikati. Vioo vingi vya kukuzia vya bei nafuu vimetengenezwa kwa kutazama kitu kinachogusana na ukingo wake, kama picha iliyochapwa au nyuzi za kitambaa. Kikiwekwa juu ya kioo cha kamera, hulenga uso wa nje, mahali ambapo filamu haitakaa. Na jicho, hasa la kijana, hujirekebisha lenyewe, likaona sura inayoelea hewani, safi kabisa, likaridhika. Filamu hairidhiki.

Kwa hiyo anunuaye na achague kile ambacho lenzi yake huzungushwa ikapanda na kushuka. Kabla ya kazi aielekeze kamera kwenye ukuta mweupe, akizungushe hata chembe za kioo zionekane kali. Ama aandike msalaba mdogo kwa kalamu ya risasi upande uliokwaruzwa, autumie huo. Avaaye miwani na aivae wakati huo, ikiwa ataivaa kazini. Kisha akifunge kwa utepe, asikiguse tena. Ukingo uwe mweusi usiopitisha mwanga. Ule ulio angavu wafaa kutazamia picha zilizochapwa, maana hizo zahitaji mwanga wa pembeni. Tena kiwe kirefu kidogo, kiweze kuinamishwa, kwa sababu kwenye pembe za kioo mwanga hufika kwa mshazari, na atazamaye wima huona giza.

Wapo wasemao kwamba taabu hii yote ni bure: punguza tundu la lenzi, na kila kitu kitakuwa wazi. Mwaka 1932 katika eneo la San Francisco, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliunda kundi lililojiita f/64, kwa jina la tundu dogo sana la lenzi. Ni kweli, tundu dogo husaidia. Lakini hupunguza mwanga, na filamu huhitaji muda mrefu zaidi. Mwamba hutulia, pilipili hoho ya Weston ilitulia. Mzee wa miaka mingi hupumua, hutikisika, pengine hucheka. Kwake yeye tundu lazima liachwe wazi, na likiwa wazi, hata umbali wa kutoka jicho mpaka sikio huonekana kwenye picha.

Siku hizi kijana yule ana kioo cha mara 4, kimefungwa utepe, kinaning'inia shingoni kwa uzi wa kiatu. Picha ya babu yake ingali ukutani. Wageni huisifu. Yeye huhesabu nyuzi za kiondo.