Bustani ya juu ya nyumba, na magunia ya uani

Juma lililopita wengi wenu mlitutumia picha za majumba ya Ulaya yenye mboga juu ya paa. Swali lenu lilikuwa moja: sisi wa Kamina tunaweza? Ni swali zito, maana kipwa kinakaribia, wengi wetu tunapanga nyumba, na mwenye lupango hataki tuchimbe uani kwake.

Tulifanya hesabu na watoto wa darasa la sita. Udongo wenye unene wa sentimita 10, ukilowa maji, una uzito wa karibu kilo 180 kwa kila mita ya mraba. Ni zaidi ya mifuko mitatu ya simenti. Paa la zege lililojengwa kwa kazi hiyo linaibeba. Mabati yetu juu ya miti hayawezi, na chini yake watoto wamelala.

Lakini paa la mabati linatupa maji. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 30, mvua ya milimita 20, ni kama lita 600, ukiondoa yanayomwagika. Weka mfereji na pipa sasa, mvua zikingali zipo. Maji ya kwanza yaache yapite, yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Funika pipa kwa kitambaa, mbu wasizae humo. Kipwa kikishika, pipa litakauka. Hapo mwagia maji yaliyooshea mboga.

Na udongo tuuweke wapi? Kule Kibera, Nairobi, shirika la Solidarités lilieneza bustani za magunia tangu mwaka 2008, kwa watu wasio na shamba kama sisi. Chukua gunia la makala lililo tupu. Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa. Katikati panga mawe kutoka chini hadi juu, ili maji yafike kote. Toboa matundu ubavuni, panda lengalenga na matembele; juu weka kitunguu. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne. Ukikata bila kung'oa, linachipuka tena.

Mwaka jana, mwezi wa 6, tuliambiwa tuhame lupango kwa siku chache. Mihogo ilibaki ardhini, ikawa ya mwingine. Magunia yetu manne, tuliyoyajaza hadi magotini tu, yalihama nasi juu ya mkokoteni. Mwezi huo mshahara ulichelewa, lakini bukari haikukosa mboga mezani.

Mama asiye na mbegu za lengalenga aje kwenye mkutano na karatasi ya kufungia. Tunazo za kutosha kugawana.