Pakingi Lazima Ivuje

Maisha yangu ya kazi yamepita chini ya sakafu za boti za uvuvi na za abiria, na katika kazi zote za huko chini sijaona inayodharauliwa kama kubadilisha pakingi ya shafti ya rafadha. Watu huona ni kukata kamba ya katani iliyolowekwa mafuta, kuishindilia kwenye boksi lake na kukaza nati. Kisha fundi husifiwa boksi likiwa kavu kabisa. Mimi nasema boksi kavu ni kazi mbovu. Maji machache yanayopenya kati ya kamba na chuma ndiyo yanayoipoza na kuilainisha pakingi. Yakizibwa, msuguano huzaa joto, mafuta hutoka, nyuzi hukauka zikawa ngumu, zikaanza kuikwangua shafti. Tazama shafti zinazong'olewa: pale zilipopita kwenye boksi pana mifereji ya mviringo, ukipitisha ukucha unakwama. Shafti hiyo hata ukiivika pakingi mpya itavuja tu. Mwenye boti atakaza zaidi, na mifereji itazidi kuchimbika, mpaka iwe ni kukereza au kununua shafti nyingine.

Manahodha hujibu kwamba maji ya chumvi ndani ya chombo ni hatari, na kuogopa ni haki yao. Lakini tupige hesabu. Matone 2 au 3 kwa dakika, shafti ikizunguka mchana kutwa na usiku kucha, hayafiki robo lita, na pampu ya ngama huyamaliza mara moja. Yakimiminika mfululizo, au yakiendelea kwa wingi shafti imesimama, hapo kuna hitilafu. Baada ya mwendo, zima injini uguse boksi: vuguvugu si neno, likikuchoma, legeza nati.

Wapo wanaoona hasara kutoa pete zote za pakingi, wakaongeza moja juu ya zile kuukuu. Za chini zimekwisha kukauka, kwa hiyo mpya hubeba kazi peke yake na kuchakaa upesi. Zitolewe zote kwa ndoano, kila pete mpya ikatwe peke yake, na maungio yapishane ili maji yasipate njia moja iliyonyooka. Najua haraka husababishwa na boti kuelea huku maji yakiingia. Pwani yetu haina sababu ya haraka hiyo: bamvua hushusha maji zaidi ya mita 3, chombo kikalala mchangani, fundi akafanya kazi kwa utulivu. Sili za kisasa zisizovuja nazo zipo, na ni nzuri, ila kamba ya pakingi huonya mapema inapochoka.

Pakingi mpya hushuka na kujikalia saa za mwanzo, kwa hiyo nati hutaka kurekebishwa kidogo kidogo. Nahodha, usimalizane na fundi gatini. Toka naye baharini, mhesabu matone pamoja, ndipo umlipe.