Kabla ya Kununua Kelele, Nunua Geji

Wacha niseme kitu ambacho kitafanya wasee wa Subaru waninunie: hiyo ekzosi yako kubwa peke yake imeongeza kelele kuliko nguvu. Na kama ulilipa mtu akachomeka laptopu, akabadilisha programu ya injini bila kupima moshi wa gari lako hata mara moja, hukutyuni gari. Ulicheza kamari, na dau lilikuwa injini.

Mimi na binamu yangu tunamiliki Forester ya turbo nusu kwa nusu. Mimi naitumia kwa video. Yeye anabebea marobota ya mitumba kutoka Gikomba hadi Rongai, kila siku isipokuwa Jumapili. Hii gari ikilala wiki mbili, kuna nyumba mahali haitalipiwa kodi. Kwa hivyo tulipoamua kuitafutia nguvu kidogo, nilikataa kuanza na laptopu. Nilitaka sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. (Sensa, jameni, si ile ya kuhesabu watu.)

Sababu ni hii. Petroli inaungua yote, bila hewa kubaki wala mafuta kubaki, ukichanganya kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hapo ndipo gari linataka kukaa ukiendesha polepole mjini. Lakini ukikanyaga na turbo ianze kusukuma, injini inahitaji mafuta mengi zaidi, karibu 11 hadi 12 za hewa kwa 1, kwa sababu yale mafuta ya ziada yanapoza. Yakipungua hapo, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka wakati haufai, na pistoni ndiyo inapigwa nyundo. Na gari halikuambii! Wakati mwingine hata unahisi limekuwa jepesi, unafurahi, unapigia marafiki simu.

Najua kuna mtu anasema, lakini gari si lina sensa tayari? Ndiyo. Sensa nyingi za kiwandani, hasa za zamani, zinatoa volti 0.1 hadi 0.9 na kazi yake ni kuambia kompyuta kitu kimoja tu: mafuta yamezidi ama yamepungua kwa ile 14.7. Yamezidi kiasi gani? Hazijui. Ile ya mbele kwenye Forester yetu ina akili zaidi, lakini imekaa kabla ya turbo, mahali presha ya moshi inapotosha usomaji wake. Kwa hivyo tulinunua ya masafa mapana, Bosch LSU 4.9, pamoja na geji yake. Tena mpya. Ya kutumika sinunui, hata fundi aape kwa mama yake, kwa sababu huwezi kujua ilipumua nini huko ilikotoka.

Kuifunga si kazi kubwa lakini ni kazi ya heshima. Unatoboa bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo, kabla ya katalitiki, sentimita 60 hivi ama zaidi kutoka turbo yenyewe, ili joto lisiikaange. Unachomelea nati ya milimita 18. Sensa yenyewe hukai nayo pale wakati wa kuchomelea. Fundi wetu alifunga boliti kuukuu kwenye nati ili uzi usipinde. Halafu muhimu kabisa: sensa ikae upande wa juu wa bomba, kati ya saa nne na saa nane kama uso wa saa ungekuwa... ngoja, niseme vizuri, ncha yake iangalie chini. Asubuhi kuna maji ndani ya ekzosi. Ndani ya sensa kuna seramiki inayopashwa moto zaidi ya digrii 700, na tone moja la maji baridi linaweza kuipasua.

Kitu kingine ambacho watu hupuuza ni tundu. Ekzosi ikivuja juu ya sensa, hata kidogo, inavuta hewa ya nje, geji inakuambia mafuta ni machache na kumbe ni uongo. Tulipaka maji ya sabuni kila kiungo tukatafuta mapovu. Na ukishaifunga, usiendeshe kama haijaunganishwa umeme. Bila joto lake inajaa masizi, inakufa.

Bahati yetu ni kwamba tumezaliwa wakati mzuri. Petroli yenye risasi iliachwa Kenya mwanzoni mwa 2006, na risasi ndiyo sumu kubwa ya hizi sensa. Dunia nzima ilimaliza 2021, na waliotangaza ni UNEP, hapa hapa Gigiri.

Sasa sehemu tamu. Hatukuenda kupima Thika Road saa nane usiku kama wale wa video zingine. Thika Road ina watu wanaovuka. Tulikodi mashine ya kupimia nguvu, gari limefungwa kamba, magurudumu yanazunguka hapo hapo. Turbo ilipoanza kusukuma, geji ilisoma 11.3. Poa. Mizunguko 4,000, ikapanda 12.1. Ilipokaribia 5,000 ikawa 13.4, na mimi nikapiga kelele mguu utolewe.

Chujio la mafuta lilikuwa limeziba na pampu imechoka. Gari lilikuwa linatembea vizuri kila siku na marobota, kwa sababu binamu yangu hakanyagi hadi huko. Lakini wiki mbili kabla ya hapo, jamaa mmoja wa laptopu alikuwa ametuahidi nguvu zaidi kwa dakika arobaini, na programu aliyokuwa nayo ilitoka kwa gari lingine kabisa. Angeongeza presha ya turbo juu ya pampu inayokufa. Tena gari lililotengenezewa Japani, kwenye petroli ya bei ya juu ina oktani 100, huku super yetu ya kawaida haifiki hapo.

Nilimuuliza angejuaje mafuta yanatosha. Akasema, "Nasikia tu na sikio, bro."

Pampu mpya na chujio vilikula pesa yote tuliyokuwa tumetenga ya ekzosi. Tulirudi kwa mashine, 11.2 hadi juu kabisa, mstari umenyooka. Binamu alitazama ile geji, akauliza kama inaweza kumwonyesha pia ni wapi anapoteza petroli kwenye foleni ya Lang'ata Road. Nikamwambia foleni haina sensa. Jumatatu alikuwa Gikomba saa kumi na moja asubuhi kama kawaida.